Breki kwanza, mbio baadaye: Jinsi gari la kale lenye nguvu linavyofanywa salama mbele

MWAKA wa 1964, kampuni ya Pontiac nchini Marekani iliingiza sokoni gari lililobadilisha fikira za vijana wa taifa hilo kuhusu mwendo. Gari hilo, GTO, lilikuwa la ukubwa wa wastani, lakini chini ya boneti yake mlikuwa na injini ya lita 6.4 iliyokusudiwa magari makubwa zaidi.

Injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 325, na mnunuzi aliyeongeza pesa ili apate kabureta tatu badala ya moja alipewa nguvu za farasi 348. Hadi leo, wapenzi wengi wa magari hulitaja GTO kuwa mwanzilishi wa kizazi cha magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli.

Lakini wakati wa kusimama ulipowadia, GTO halikuwa na lolote la kujivunia. Magurudumu yote manne yalikuwa na breki za dramu zenye kipenyo cha inchi 9.5, kipimo kile kile kilichowekwa katika magari ya kawaida ya ukubwa huo yaliyotengenezwa na kampuni mama, General Motors, yakiwa na injini ndogo.

Kwa ufupi, kiwanda kiliongeza nguvu za kukimbia bila kuongeza kwa kiwango hicho nguvu za kusimama. Zaidi ya miaka 60 baadaye, pengo hilo lingalipo katika kila gari la aina hiyo ambalo halijafanyiwa marekebisho.

Ndiposa mafundi wenye tajriba humshauri yeyote anayelifufua gari la kale la aina hii asianze na injini. Hatua ya kwanza, wanasema, ni breki za mbele pamoja na vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele. Mambo hayo mawili hayatenganiki, na anayenunua kifaa kimoja kimoja bila mpango anaweza kuligeuza gari lake kuwa hatari kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kwa nini breki zilikuwa dhaifu

GTO lilizaliwa kwa ujanja. General Motors ilikuwa na sheria ya ndani iliyokataza magari ya ukubwa wa wastani kuwekwa injini iliyozidi inchi 330 za ujazo, ilhali injini iliyokusudiwa ilikuwa ya inchi 389.

Mhandisi mkuu wa Pontiac wakati huo, John DeLorean, pamoja na wenzake waligundua kwamba sheria hiyo haikugusa vifaa vya ziada ambavyo mteja huviagiza kwa hiari yake. Hivyo basi, GTO halikutangazwa kama gari jipya bali kama kifurushi cha nyongeza katika gari lililokuwapo la Tempest LeMans.

Kifurushi hicho kilikuwa na springi ngumu zaidi, chuma kinene zaidi cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, na magurudumu mapana kiasi. Breki zilibaki zile zile za dramu.

Soko lilipokea kwa shangwe. Magari 32,450 yaliuzwa katika msimu wa kwanza, na kufikia toleo la 1966 idadi ilikuwa imepanda hadi 96,946 kwa mwaka.

Si kwamba teknolojia bora haikuwapo. Jaguar ya Uingereza ilikuwa imeshinda mashindano ya Le Mans mwaka wa 1953 ikitumia breki za diski, na Studebaker ya Marekani iliziweka mbele ya gari lake la Avanti la 1963. Wanunuzi wa GTO walilazimika kusubiri hadi toleo la 1967 ndipo diski za mbele zikapatikana, na hata hapo kwa malipo ya ziada.

Joto ndilo adui

Ili kuelewa tatizo, ni sharti kwanza kuelewa kazi ya breki. Breki haziangamizi mwendo. Huugeuza kuwa joto, kisha joto hilo likatolewa hewani.

Gari la GTO lina uzani wa takriban kilo 1,600. Likiwa katika kasi ya kilomita 100 kwa saa, mwendo wake una nishati ya karibu kilojuli 617, ambayo inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji yaliyokuwa baridi. Joto hilo lote huzalishwa katika sekunde chache, na linapaswa kumezwa na vyuma vya breki.

Aidha, nishati hiyo haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne. Gari linalokwenda kilomita 160 kwa saa lina nishati mara mbili na nusu ya lile linalokwenda kilomita 100.

Dereva anapokanyaga breki, uzani wa gari huegemea mbele, pua ikashuka na sehemu ya nyuma ikainuka. Kwa sababu hiyo, magurudumu ya mbele hufanya takriban asilimia 70 ya kazi yote ya kusimamisha gari. Ndiyo maana marekebisho yenye manufaa makubwa zaidi ni ya mbele.

Ndani ya dramu mna vyuma viwili vilivyopinda mithili ya mwezi mchanga, vilivyobandikwa lainingi. Kanyagio likibonyezwa, vyuma hivyo husukumwa nje vikasugua ukuta wa ndani wa dramu inayozunguka.

Muundo huo una sifa moja nzuri. Mzunguko wa dramu huivuta lainingi na kuikaza zaidi, hivyo kwamba breki hujisaidia zenyewe na dereva hahitaji kutumia nguvu nyingi za mguu.

Kasoro ni kwamba msuguano wote hutokea ndani ya chombo kilichofunikwa, na joto halina njia rahisi ya kutoka. Dramu ikipata moto hupanuka na kujitenga na lainingi, kanyagio likazama zaidi. Lainingi nayo ikizidi kupata moto hupoteza uwezo wa kushika.

Msomaji aliyewahi kunusa harufu ya breki zinazoungua, lori likiteremka mteremko mrefu kama ule wa Salgaa, anaijua hali hiyo. Dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote, lakini gari haliitiki.

Maji nayo ni tatizo jingine. Gari likipita kwenye dimbwi, maji huweza kuingia ndani ya dramu na kukawia humo, na gurudumu moja likashika kabla ya jingine. Gari huvutwa upande mmoja bila onyo.

Diski iko wazi. Pedi mbili huibana kutoka pande zote mbili, hewa huipoza moja kwa moja, na maji hutupwa nje kwa mzunguko wake. Ikipata moto na kupanuka, hunenepa kuelekea kwenye pedi badala ya kuzikimbia.

Hata hivyo, ni vyema kusema ukweli kamili. Breki za dramu zilizo katika hali nzuri zinaweza kuyafunga magurudumu mara ya kwanza zinapokanyagwa, hasa kwa tairi nyembamba za enzi hizo. Ubora wa diski hudhihirika mara ya pili, ya tatu na ya nne, na pale dereva anapotaka kupunguza mwendo kwa kipimo badala ya kusimama ghafla.

Hatari iliyofichika katika silinda moja

Iwapo kuna jambo moja ambalo mmiliki wa gari la kabla ya 1967 hafai kuliahirisha hata kwa siku moja, ni silinda kuu ya breki, ambayo mafundi huiita masta.

Katika GTO la 1964, silinda hiyo ilikuwa na chumba kimoja tu kilichosukuma mafuta kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, au bomba moja likioza kwa kutu, mafuta huvuja na gari hukosa breki zote kwa pamoja. Kinachobaki ni breki ya mkono.

General Motors iliweka silinda zenye vyumba viwili katika magari yake ya toleo la 1967, chumba kimoja kikihudumia mbele na kingine nyuma. Upande mmoja ukivuja, ule mwingine hubaki na uwezo wa kulipunguza gari mwendo.

Mabadiliko hayo yalikuja wakati usalama wa magari ulikuwa umekuwa suala la kitaifa. Mwaka wa 1965, wakili Ralph Nader alichapisha kitabu kilichowashutumu watengenezaji kwa kupuuza maisha ya wateja, na mnamo Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoipa serikali mamlaka ya kuweka viwango vya usalama wa magari. Viwango vya kwanza vilianza kutekelezwa mwaka wa 1968, kimojawapo kikiwa cha breki.

Hata mmiliki anayetaka kubaki na dramu zake za awali anashauriwa kuweka silinda ya vyumba viwili. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na vifaa vingine vyote, na huenda ikawa ndiyo tofauti kati ya kurudi nyumbani na kutorudi.

Kuchagua vifaa vya diski

Pontiac yenyewe ilifungwa mwaka wa 2010, lakini vipuri vya magari yake ya kale havijaadimika. Sababu ni kwamba GTO lilitumia muundo mmoja wa chini na Chevrolet Chevelle, Oldsmobile Cutlass na Buick Skylark, na kampuni nyingi za Marekani zingali zinatengeneza vifaa vya familia hiyo ya 1964 hadi 1972.

Njia iliyozoeleka zaidi ni kutumia vifaa vya muundo wa kiwanda wa 1969 hadi 1972, yaani diski ya inchi 11 na kalipa yenye pistoni moja. Vinatosha kwa barabara za kawaida, na pedi zake hupatikana kwa urahisi.

Kuna njia mbili za kuvifunga. Ya kwanza ni kubadilisha spindeli, yaani chuma kinachobeba gurudumu, na kuweka ile iliyoundwa kwa ajili ya diski. Ya pili ni kubaki na spindeli ya dramu na kufunga juu yake kishikizo maalumu cha kalipa.

Njia zote mbili zina faida moja kubwa: hakuna kukata wala kuchomelea. Kila kitu hufungwa kwa bolti, na vifaa vya awali vinaweza kurudishwa.

Kabla ya kununua, ni muhimu kupima rimu. Rimu za inchi 14 zilizotoka na gari la dramu huenda zikagusa kalipa, hivyo mmiliki akalazimika kutafuta rimu za inchi 14 zilizoundwa kwa ajili ya diski, au kupanda hadi inchi 15. Wapo waliokamilisha kazi yote kisha wakagundua kwamba gurudumu halizunguki.

Tairi nazo zina neno la mwisho. Breki husimamisha gurudumu, lakini tairi ndizo husimamisha gari. Tairi za kisasa za redio hushika barabara vyema kuliko zile za 1964, na hakuna maana ya kutumia pesa nyingi kwa diski na kuacha raba iliyokauka kwa uzee.

Mfumo lazima ulingane

Makosa mengi hufanyika hapa. Baadhi ya wamiliki hufunga diski mbele na kuacha vifaa vingine vyote jinsi vilivyokuwa, kisha wakashangaa kwa nini gari limekuwa gumu kusimamisha.

Sababu ni kwamba diski haijisaidii kama dramu. Inahitaji shinikizo kubwa zaidi la mafuta, na shinikizo hilo hutokana na mambo matatu: kipimo cha silinda kuu, urefu wa kanyagio na busta.

Silinda yenye kipenyo kidogo hutoa shinikizo kubwa zaidi kwa nguvu ile ile ya mguu. Mathalan, kubadilisha kutoka silinda ya inchi 1 na thumuni hadi ya inchi 1 kamili huongeza shinikizo kwa takriban robo. Badala yake, kanyagio litakwenda mbali zaidi kabla ya breki kushika, kwa kuwa silinda ndogo husukuma mafuta machache.

Kwa sababu hiyo, gari la diski lisilo na busta aghalabu hupewa silinda ya inchi 1 na kanyagio lenye uwiano wa takriban sita kwa moja. Lenye busta huhitaji uwiano mdogo zaidi, wa karibu nne kwa moja.

Busta hufanya kazi kwa kutumia ombwe linalotokana na injini. Iwapo injini imebadilishwa na kuwekwa kemshafti kali ya mbio, ombwe hilo hupungua na busta ikakosa nguvu. Mmiliki wa injini ya aina hiyo hana budi kuweka pampu ya ombwe, au kuachana na busta kabisa.

Kuna kifaa kingine kidogo ambacho kimewahadaa wengi. Silinda za mfumo wa dramu huwa na valvu inayobakiza shinikizo la takriban pauni 10 kwa inchi mraba ndani ya mabomba hata mguu ukiondolewa, ili breki zisilegee. Valvu hiyo ikiachwa upande wa diski, pedi hubaki zimeibana diski muda wote, zikapata moto na kuisha upesi.

Urefu wa shimo la nyuma la silinda pia una umuhimu. Silinda iliyoundwa kwa gari lenye busta huwa na shimo fupi. Ikifungwa katika gari lisilo na busta, kijiti cha kanyagio kinaweza kuchomoka, na dereva akabaki akikanyaga hewa.

Mwisho ni kugawa shinikizo kati ya mbele na nyuma. Dramu za nyuma zikipata shinikizo sawa na diski za mbele, magurudumu ya nyuma yatajifunga kwanza wakati wa kusimama ghafla, na gari litageuka kuelekea lilikotoka. Valvu ya kugawa shinikizo huizuia nyuma isizidi, na sehemu yake nyingine huzichelewesha diski kidogo hadi lainingi za nyuma ziguse dramu.

Springi na vyuma vya mbele

Maadamu magurudumu ya mbele yamekwisha kutolewa, ni busara kuvitazama vyuma vinavyoyabeba. Breki kali zikifungwa kwenye maungio yaliyolegea, gari litayumba kila linaposimama.

Kila gurudumu la mbele la GTO hubebwa na mikono miwili ya chuma, mfupi juu na mrefu chini. Springi ya mzunguko husimama kati ya fremu na mkono wa chini, huku shokomzoba ikipita katikati yake. Spindeli huunganishwa na mikono hiyo kwa boljointi.

Mikono hiyo huzunguka kwenye bushi za mpira. Baada ya miongo kadhaa, mpira huo hukauka na kupasuka, na gurudumu hupata nafasi ya kucheza. Kuweka bushi mpya, boljointi mpya na shokomzoba mpya pekee hubadilisha tabia ya gari kiasi cha kumshangaza mwenyewe.

Bushi za plastiki ngumu hushika vyema zaidi kuliko za mpira, lakini hupitisha mitetemo mingi na hulia zisipopakwa grisi inayofaa. Kwa gari la matembezi ya Jumapili, mpira ungali chaguo la heshima.

Kasoro kubwa zaidi ni ya mpangilio. Katika muundo wa awali, spindeli ni fupi na mkono wa juu huinama kuelekea nje. Gari linapolala kwenye kona, gurudumu la upande wa nje hupanda, na mkono huo hukisukuma kichwa cha gurudumu nje. Tairi huishia kusimama kwa ukingo wake, wakati ule ule inapohitaji kulala bapa barabarani.

Tiba ni kuinua sehemu ya kuungana na mkono wa juu, ama kwa spindeli ndefu zaidi au kwa boljointi ndefu zaidi. Hapo kichwa cha gurudumu huvutwa ndani linapopanda, na tairi ikabaki imeishika lami.

Kwa miaka mingi, mafundi wa Marekani walichukua spindeli ndefu kutoka magari makubwa ya General Motors na kuzifunga katika magari haya. Njia hiyo hufanya kazi, ila inahitaji mikono ya juu iliyofupishwa. Pia inaweza kuleta shida ya usukani kujigeuza kila gurudumu linapopiga tuta, kwa sababu fimbo za usukani huwa haziko tena mahali zilipokusudiwa. Vifaa vipya vilivyopimwa kwa gari husika ni salama zaidi.

Anayetaka gari lishuke kidogo ana njia mbili. Springi fupi hushusha gari lakini hubadilisha pembe za mikono. Spindeli zilizoundwa kushusha gari huinua mahali pa gurudumu pekee, hivyo mikono hubaki katika pembe zake. Kukata springi kwa moto ni kitendo cha kuepukwa, kwani joto huharibu ugumu wa chuma.

Fauka ya hayo, vipimo vya kiwandani vya kupanga magurudumu havifai tena. Viliwekwa kwa tairi za zamani na usukani uliopaswa kuwa mwepesi. Kwa tairi za redio, mafundi wengi huuegemeza mhimili wa usukani nyuma kwa nyuzi tatu hadi tano, na kuinamisha gurudumu ndani kwa takriban nusu nyuzi. Gari hunyooka lenyewe barabarani na haliyumbi kwa kila upepo.

Kazi yenyewe na hatari zake

Springi ya mbele ni hatari kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hata gari likiwa juu ya stendi, springi hiyo huwa imebanwa kwa nguvu za kutosha kumuua mtu. Boljointi ikifunguliwa bila mkono wa chini kuzuiwa kwa jeki, springi hutoka kama risasi. Wataalamu huifunga kwa mnyororo kwenye fremu, hutumia kifaa cha kuibana, na hawasimami mbele yake.

Vumbi la lainingi za zamani ni hatari nyingine. Lainingi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, madini yanayosababisha saratani ya mapafu. Vumbi hilo halifai kupulizwa kwa hewa wala kufagiwa likiwa kavu. Hulowanishwa kwanza, kisha likafutwa kwa kitambaa na kutupwa kwa uangalifu.

Mipira ya breki na mafuta hubadilishwa yote. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na kiwango chake cha kuchemka hushuka. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea mguu unapokanyaga, ilhali mafuta hayabonyei.

Silinda kuu mpya hutolewa hewa ikiwa mezani kabla ya kufungwa. Kisha magurudumu hutolewa hewa moja baada ya jingine, kuanzia lililo mbali zaidi na silinda hadi lililo karibu. Kanyagio likibaki laini kama sifongo, hewa ingalimo na gari halifai kuondoka.

Jaribio la kwanza hufanywa mahali pasipo na watu wala magari, kwa mwendo wa polepole. Pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski: gari hupunguzwa mwendo mara kadhaa kutoka kilomita 50 kwa saa bila kulisimamisha kabisa, kisha breki zikaachwa zipoe. Baada ya hapo ndipo hupimwa iwapo magurudumu ya mbele hujifunga kabla ya yale ya nyuma, jinsi ipasavyo.

Asili au usalama?

Wapo wanaopinga marekebisho haya. Kwao, gari la kale ni kumbukumbu ya kihistoria, na kila bolti isiyo ya kiwandani hupunguza ukweli wake, na aghalabu bei yake pia.

Hoja hiyo ina uzito kwa gari la maonyesho linalosafirishwa juu ya trela na kurudishwa gerejini. Haina uzito kama huo kwa gari linaloingia barabarani, nyuma ya magari ya kisasa yenye diski nne na kompyuta za kuzuia magurudumu yasijifunge. Dereva wa gari la mbele akisimama ghafla, hatajua kwamba anayemfuata anatumia breki za 1964.

Pana njia ya kati, nayo ndiyo wengi wameifuata. Vifaa hufungwa kwa bolti bila kukata fremu, vinachaguliwa vile vinavyofanana na vya kiwanda, na dramu, spindeli na silinda ya zamani vinapakwa mafuta na kuhifadhiwa sandukuni. Mnunuzi wa baadaye akitaka gari la asili, atalipata ndani ya siku chache.

Kwa mwenye bajeti ndogo, mpangilio wa mafundi ni bayana. Kwanza silinda ya vyumba viwili pamoja na mipira mipya. Pili bushi, boljointi na tairi. Tatu diski za mbele pamoja na valvu zake. Nne spindeli ndefu na mpangilio mpya wa magurudumu. Nguvu za injini huja mwisho, iwapo zitahitajika.

GTO lilipata umaarufu kwa jinsi lilivyoondoka kwenye taa za barabarani, na hakuna anayeweza kulinyang'anya sifa hiyo. Lakini gari lolote, la kale au la sasa, lina thamani kwa mwenyewe maadamu linamfikisha. Mwenda pole hajikwai, walinena wahenga, na anayetaka kwenda mbio hana budi kwanza kuhakikisha kwamba anaweza kusimama.